Maua Yenye Ilikuwa Inakamata Udongo

Katuba, Lubumbashi
19/11/2024

Mpendwa mutoto wangu Léa,

Salamu mingi toka kwa mama yako. Mimba inaendelea namna gani? Miguu ingali inavimba? Bwana yako Vital iko anakula muzuri? Huku tuko, Mungu anatulinda, ila kifua ya baba yako inamusumbua tena juu ya baridi ya mvula. Mudogo wako Fils anakusalimia, viatu yote inamubana.

Kwa telefone ningelia, njo maana naandika. Ni juu ya chumba ya nyuma, yenye nilikutengenezea ukuje kuzalia mutoto wako wa kwanza, sawa vile mi nilikuzalia kwa mama yangu.

Ile maua ulinitumia toka Pweto, ya majani manene yenye kujaa maji, nilichomeka vipande nyuma ya chumba, pale mvula inakulaka udongo chini ya ukuta. Jua yote ya mwezi wa kenda sikuinyweshea, na haikufa. Ilitambaa, ikafunika udongo sawa mukeka, ikatoa maua ya rangi ya rose. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Sasa shangazi yako Brigitte akafika toka Mitwaba kutuangalia. Unamujua: kwake lupango ya nyumba ya mwanamuke wa bidii ni udongo mutupu, wa kufagia mpaka unang'aa. Nilienda soko. Kurudi, nakuta alishalima yote na jembe, akatupa kwa barabara, mbuzi inakula. Yeye iko anapangusa jasho, anafurahi.

"Mulamu, ulikuwa unafuga nyoka! Mutoto wa Léa azaliwe mu pori?"

Ni dada ya bwana yangu, na alilima juu ya kukusaidia wewe. Nikasema aksanti, nikamupikia bukari.

Alipoondoka nilichomeka tena vipande vyenye mbuzi iliacha. Mvula kubwa ikakuja mbele vishike mizizi, ikabeba vyote pamoja na udongo. Sasa fondasio ya ukuta iko wazi. Ukuta inapasuka toka chini mpaka kwa dirisha, mukono wangu unaingia. Baba yako alijaza mawe, maji inazunguka tu. Lombe, fundi wa jirani, aliangalia, akasema: "Mama, toeni kitanda." Tulitoa.

Brigitte hajue. Usimuambie, atalia bure.

Basi mama, usikuje. Zalia kule, kwa mama ya Vital. Najua hamujazoeana, najua unaogopa. Ningekuja mi mwenyewe, lakini baba yako siwezi kumuacha na kifua ile. Kila siku naangalia njia ingine, sioni.

Umuombe mama ya Vital, maji ya kukogesha mutoto isikuwe moto sana. Na akukande tumbo pole pole, wewe unaumiaka haraka.

Salimia Vital na dada yake Abigaïl. Mungu akushike mukono saa ile, juu mi sitakuwa pale.

Mama yako mwenye anakupenda,
Bwalya