Taa ya Kijani Inadanganya, na Mimi Naisaidia

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na kama umri wako ni mdogo kwangu irudishe tu, leo sina kiburi. Naomba msaada kabla watu hawajafa.

Mimi ni mtu wa Mkolani, Mwanza nzima wananiita Injinia ingawa darasa la tano nililionja tu nikatoka, lakini akili ya kuzaliwa ninayo, ndiye mimi niliyemshika mamba mkia kule Ukerewe mpaka akanyoosha mikono, na lile jengo la ghorofa nne hapa mjini lilipotoka mikononi mwa shirika la umma likauzwa kwa tajiri, na tajiri akaleta mashine ya kutambua moto, nikasema hizo nimezifunga nyingi sana Kampala, nikapewa kiti cha kuikalia. Kampala sijawahi kufika. Fundi wa Nairobi alinieleza asubuhi nzima kwa Kiingereza, mimi naitikia yesi, yesi, akapanda basi lake akaondoka.

Mashine ni sanduku la taa lililoko chini mapokezi, na kila ghorofa ina vikombe darini vinavyonusa moshi, kikinusa kinaliambia sanduku kwa waya, taa nyekundu inawaka na kengele zinalia jengo zima. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Ila wale wadudu wa ziwani unawajua, wakiinuka kama moshi mweusi hakuna dirisha la kuwazuia, wakaingia kwenye vikombe, kengele zikalia, watu mbio, wakirudi wanakuta ni wadudu, kesho tena mbio, mpaka wapangaji wakaacha kukimbia wakawa wanaziba masikio tu, na meneja wetu Bwana Muganyizi akaniambia, "Injinia, fanya utaalamu wako." Nikapanda nikavifunga vikombe vya ghorofa ya nne kwa mifuko ya nailoni. Kimya. Nikapigiwa makofi.

Ghorofa hiyo ndiko anakoshonea mpwa wangu Gladness, binti wa dada yangu Teodora wa Buswelu, yeye na wasichana wenzake, chumba kimejaa vitambaa mpaka mlangoni. Dada alikuwa hataki, anaogopa ghorofa, mimi ndiye niliyemwambia, "Mwanao yuko mikononi mwangu, mashine yangu inasikia hata mtu akiwasha kiberiti, na inaongea yenyewe na zimamoto."

Juzi pasi ya mkaa ikaangukia vitambaa, moshi ukajaa chumba, wakauzima moto kwa ndoo ya maji ya kunywa. Mimi niko chini nawapa wageni habari za mamba, taa ya kijani inawaka, maana yake kila kitu shwari. Gladness akashuka mkono umebabuka, anacheka: "Mjomba, mashine yako imelala?" Mshauri, hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikamwambia, "Nilikuona. Niliupima ule moto nikaona mdogo, mnauweza." Akaniamini! Akaenda kuwasimulia wenzake kwamba mjomba anaona kila kitu, na kwa kuwa wezi walikuwa wanawasumbua, Mama Justa, mwenye chumba na cherehani, akaufunga mlango wa ngazi za nyuma kwa mnyororo na kufuli. Akasema moto wa nini kuuogopa, Injinia atatushtua mapema tutashukia mbele.

Usingizi umekwisha. Nilipanda peke yangu nikatoa mfuko mmoja, nikapulizia moshi wa sigara mpaka nikakohoa, nikashuka mbio kutazama: kijani. Kumbe waya umekufa huko juu, sijui ulikufa lini wala sijui unapitia wapi. Ule wa zimamoto nimeufuata kwa vidole, umeishia nyuma ya kabati, haukushika kitu. Nikamwambia meneja, akasema, "Usiwatie hofu wapangaji wangu." Nikamwambia Mama Justa kweli tupu, kwamba mashine haisikii chochote cha huku juu, wasichana wakacheka mpaka wakashika mbavu: "Haya Injinia, na mamba alisemaje?" Gladness ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kila mkaa ukipanda ngazi nakufa. Nikiacha kazi, nani atakaa pale? Nikikaa, nakalia nini? Na dada yangu bado ananiletea michembe ya viazi ya shukrani, siwezi kuitafuna. Nifanye nini mimi?

Injinia, Mkolani

*Bi Felicitas anajibu:*

Injinia, nakuita hivyo kwa mara ya mwisho. Pole. Barua yako nimeisoma nimesimama. Haikupaswa kuja gazetini hata kidogo. Muda wote iliokaa posta na mezani kwangu, wasichana wale wamekuwa wakipanda na mkaa wao. Kwa hiyo usiendelee kusoma hapa ukiwa umekaa.

Anza na mnyororo. Waya unahitaji fundi, mnyororo unahitaji ufunguo tu. Mama Justa aweke komeo la ndani, mtu alifungue kwa mkono. Mwizi akichukua cherehani, itanunuliwa nyingine. Na pasi zote zihamie nje barazani leo hii.

Hawakuamini, na aliyesababisha ni wewe. Wewe na mashine yako mmeugua ugonjwa mmoja: mlipiga kelele pasipo moto mpaka masikio ya watu yakachoka. Basi usiseme tena. Mkalishe Mama Justa kwenye kiti chako mbele ya sanduku, wewe panda ukafukize moshi chini ya kile kikombe ulichokifungua, na yeye aitazame hiyo taa ya kijani kwa macho yake. Macho yake hayajui habari za mamba.

Gladness mwambie mbele ya mama yake: "Sikukuona. Sikuona kitu." Utaaibika, najua. Dada yako akimchukua mwanawe, usimzuie, wabebee mizigo.

Meneja akikataa kuleta fundi, nenda zimamoto kwa miguu yako, waombe waje wakague. Sikuahidi kwamba utasikilizwa siku hiyo, wala kwamba kazi itabaki. Ukifukuzwa, umefukuzwa watu wangali hai. Hiyo ndiyo faraja pekee niliyo nayo ya kukupa.

Mpaka fundi aje, lile sanduku usilikalie. Tafuta ringi ya gari, itundike ngazini kama kengele ya shule, kaa ghorofa ya nne, nusa kwa pua yako. Mtu akikuuliza mashine inasema nini, jibu "Sijui", usiongeze neno.

Na ukiona moshi, gonga. Hata ukiwa huna hakika kama ni moto au ni wadudu wa ziwani, gonga. Watakucheka. Waache wakucheke, wote, wakiwa wamesimama chini uwanjani.