Tiketi Mbili za Riyadh Nilizokusubirisha

Ami Khamis,

Najua barua haifiki huko uliko. Kinachofika ni dua, na dua sijaikosa hata siku moja. Lakini hili ni jambo la ofisini, na mambo ya ofisini ulitaka uyasikie wewe kwanza, kabla hayajafika kwa bosi.

Juzi mkeo Bi Rukia ametoka eda. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani, na muda wote huo nilikuwa nikienda kumtazama kila Ijumaa pamoja na majirani, nikihakikisha sibaki naye peke yangu. Niliogopa. Unanijua. Ulisema hata nzi akitua kwenye kibodi yangu nitamdai ikama, kibali chake cha kuishi.

Meza yako bado iko pale dirishani. Bosi ameweka printa mpya juu yake, na printa hiyo inalalamika kuliko ulivyokuwa ukilalamika wewe. Wateja wako wa Umra wanaingia, wanatazama ile meza, wanauliza, "Mzee yuko wapi?" Nawaambia. Wengine wanakaa kwanza ndipo wanakumbuka walichofuata. Waliobaki ni vijana wa hapa Jeddah wanaotaka Riyadh kwa bei ya chini, kwa ajili ya muziki, sinema na yale mataa yao. Ulikuwa ukicheka sana kwa hilo. "Zamani watu wa Riyadh ndio waliokuja kwetu pwani kupunga upepo," ulisema. "Sasa watu wa pwani wanapanda ndege kwenda kustarehe jangwani. Haya, Salma, wakatie."

Nawakatia kama ulivyonifundisha. Penseli kwanza, kompyuta baadaye. Kwenda shirika moja, kurudi shirika jingine. Namuuliza mtu kama kweli ana sanduku au ana mkoba tu wa begani. Alhamisi jioni, wikendi inapoanza, simwuzii mtu asiye na lazima. Na zaidi ya yote, nasubiri. "Bei ya tiketi ni paka," ulisema. "Ukiikimbiza, inapanda juu ya kabati. Kaa kimya, itashuka yenyewe."

Hapo ndipo penye jambo langu.

Msimu wa burudani wa Riyadh ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, bosi hajafika. Ulivuta kiti hadi kwangu ukasema, "Leo mteja ni mie. Watu wawili, Riyadh, na Bi Rukia asijue." Nilidhani unatania, maana kwa miaka yote Riyadh kwako ilikuwa makaratasi na vumbi. Kisha ukanieleza, na ulikuwa ukizungumza huku umeangalia penseli yako, si mimi.

Ulisema, "Miaka arubaini tunakwenda harusini pamoja na tunakaa mbalimbali. Mie ukumbi wa wanaume, yeye ukumbi wa wanawake. Tukirudi nyumbani ananihadithia wimbo ule ule ambao na mie nimeusikia kupitia ukutani. Sasa kule kwenye muziki wanaruhusu mtu akae na mkewe. Nataka nikae naye, wimbo mmoja tu, halafu turudi."

Nilitafuta. Viti viwili vilikuwepo, vinafuatana, Ijumaa ya wiki ile ile. Lakini bei ilikuwa juu, ya wiki ya kwanza ambayo kila mtu anakimbilia. Nikasema, kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa, "Ami, tusubiri wiki tatu. Jumanne ya wiki ya tatu itashuka."

Ulinitazama kidogo. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi, nikitafuta kama ulikuwa na haraka nisiyoiona. Kisha ukacheka. "Mwanafunzi ashamshinda mwalimu. Haya, tusubiri." Ukaandika majina yenu mawili kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani, katika Jumanne ile.

Ulifariki Alhamisi ya wiki ya pili.

Jumanne ilipofika niliketi mbele ya kompyuta, na bei ikashuka. Ilishuka zaidi hata ya nilivyokisia. Nilikuwa sahihi, Ami, na sikuwa na wa kumwonyesha. Nilifunga ukurasa nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Juzi, basi, wageni walipoondoka nyumbani kwako, nilibaki. Bi Rukia alikuwa ameshaoga, amevaa kanga mpya, udi umejaa chumba kizima. Alikuwa akikunja zile nguo zake za eda. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, bila kupumzika, kama mtu anayesoma namba ya pasipoti.

Aliendelea kukunja. Kisha akasema, "Khamis? Huyu Khamis wangu wa makaratasi na vumbi?"

Nikasema ndiye.

"Kaa kitako. Alisemaje? Nipe maneno yake, usinipe yako."

Nilimpa. Akataka niyarudie. Nilipofika penye ukuta, alicheka hasa, akafunika mdomo kwa kanga. "Na mie nikimhadithia mpaka mwisho! Kumbe mzee yule alikuwa ashausikia, na hata siku moja hakunikatiza." Halafu akalia, si kwa muda mrefu. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alipojifuta macho aliniuliza lile nililokuwa nikilikimbia. "Ungekata siku ile ile, angefika?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ajali haina kinga, na siku zikitimia zimetimia, na yote hayo ni kweli. Lakini aliniuliza kama mteja anavyouliza ndege, na wewe ulinikataza kumdanganya mteja. Nikasema, "Angefika, Bi Rukia. Viti vilikuwepo Ijumaa."

Aliokota nguo nyingine akaikunja. Mtaani mafriji yalikuwa yakishushwa kutoka kwenye lori, wanaume wakihimizana yalla, yalla, haraka. Nilingoja anifukuze.

"Halas, yamekwisha," akasema. "Umesema kweli, na kweli inauma. Sasa nitafutie mie. Na usinisubirishe. Wewe utakwenda nami, utanishika mkono, maana ngazi za ndege mie siziamini."

Msimu unaisha wiki ijayo, Ami. Hii ndiyo wiki mbaya kuliko zote kwa mtu anayetafuta tiketi ya bei nafuu. Leo asubuhi nilifungua kompyuta bila penseli. Bosi alipita nyuma yangu akachungulia, akasema, "Salma, umeugua? Wewe unanunua siku hii?" Wewe unajua jinsi ninavyoogopa bosi akisimama nyuma yangu. Niliogopa leo pia. Lakini nilibonyeza. Viti viwili vya Ijumaa, vinafuatana, yeye dirishani.

Majina yenu kwenye kalenda sijayafuta. Kalenda yenyewe imekwisha mwaka na bosi ametundika mpya, ila ule ukurasa wako nimeukata na kuuweka katika droo, pamoja na penseli yako. Nakuahidi hivi: sitaacha kuwatafutia watu bei ya chini, ndiyo kazi uliyonipa. Lakini kabla sijamwambia mtu yeyote "subiri," nitamuuliza anakwenda kukaa na nani.

Kwa heri, Ami. Mola akurehemu na akupanulie ulipolala. Ijumaa wimbo ukianza sitasema neno. Na Bi Rukia akirudi nyumbani atakuhadithia, namjua. Safari hii hutakuwa umeusikia nyuma ya ukuta. Msikilize mpaka mwisho.

Mwanafunzi wako,
Salma