Barua Aliyoahidiwa Laney

Bwenini, Ijumaa, 14 Agosti 1987

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imevimba na joto la Alabama halina huruma. Baba Royce anaendeleaje na mgongo?

Wiki ya vyama vya kina dada kuchagua wanachama wapya hapa chuoni imeanza, kila chama na nyumba yake. Wasichana elfu moja wanakimbia kutoka nyumba hadi nyumba, viatu virefu mkononi, wakitafuta kina dada watakaowapokea. Mimi ni mlezi wao: nabeba maji, pini, plasta na vitambaa vya machozi. Sheria inanitaka nifiche nyumba yangu mwenyewe, tusije tukaambiwa tunawavuta wasichana kwetu. Hata nikipishana na wenzangu wa nyumba njiani hatusalimiani, utadhani tumegombana.

Kwenye kundi langu yupo Laney Stroud, binti wa msusi wa Marbury Springs. Mcheshi huyo! Jana kuna aliyemwuliza baba yake anafanya kazi gani, akamjibu, "Anakwepa kazi, tena hodari kweli." Nilicheka mpaka nikakohoa. Anaitaka nyumba moja tu, nayo ni yetu. Akaniambia, "Sina wasiwasi, dada. Barua ya kunipendekeza anaandika Bi Augusta Tarleton. Alimwahidi mama mwezi wa sita, pale pale saluni." Hajui kwamba wewe ni mama yangu, maana mimi natumia jina la marehemu baba, si la Baba Royce. Nikanyamaza, kama sheria inavyotaka.

Mama, unajua bila barua ya mwanachama wa zamani nyumba haimchukui mtu, hata awe malaika. Na wewe nakujua kwa ahadi. Umeituma? Simu ya hapa iko koridoni na masikio ni mengi, kwa hiyo niandikie.

Mwanao,
Merritt

*

Nyumbani, Jumatatu, 17 Agosti

Merritt mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mgongo wa Royce unauma akiambiwa akate nyasi tu. Akienda kuvua samaki, amepona.

Tini zimeiva zote kwa mkupuo, nimepika jemu chupa kumi na tisa. Kanisani wameleta mpiga kinanda mpya, ana mkono mzito mno. Wewe kula vizuri, na usitembee juani bila kofia. Waambie kina dada wa nyumba yetu mwaka huu wapambe kwa maua meupe. Loo, nimesahau huruhusiwi kusema nao! Basi.

Mama yako

*

Bwenini, Jumatano, 19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mu wazima.

Jemu nimeisoma, mpiga kinanda nimemsoma. Laney sijamwona popote.

Nyumba nyingine zote zimeshamwacha, wala hakujali. Nyumba yetu tu bado inamwita. Jana alitoka pale uso umemnawiri, akanishika mkono: "Dada, wamenifundisha wimbo wao!" Ni ule ule ulionibembelezea utotoni. Ilinibidi nijifanye siujui.

Orodha inafungwa Jumamosi saa sita mchana. Bado unaweza kumpigia simu mshauri wa nyumba, wewe hawakukatalii. Ahadi ni deni, Mama. Nakupigia magoti.

Mwanao,
Merritt

*

Nyumbani, Ijumaa, 21 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika asubuhi hii. Hatujambo.

Sikuituma, wala simu sitapiga. Mtu kichwa kikiwa na povu la shampuu huahidi chochote, na Wynelle Stroud alijua hivyo aliponiomba. Halafu tuseme kweli: kwenye dansi binti yake atavaa nini? Atakaa na nani? Mimi nilifika pale na magauni mawili, na mpaka leo sijasahau walivyonitazama. Nimemwepusha na hayo. Siku ukizaa utanielewa.

Mama yako

*

Bwenini, Jumatatu, 24 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima.

Barua yako ilifika Jumamosi saa tisa, orodha ikiwa imeshafungwa. Jana alfajiri walezi tulipewa majina ya waliokosa nyumba, tuwapigie simu. Mimi nilipewa moja tu, la Laney. Sikupiga, nilipanda ngazi mpaka chumbani kwake. Alikuwa anapiga pasi gauni jeupe. Nikamwambia. Akazima pasi kwanza, kisha akauliza, "Nimekosea nini?"

Hapo sheria ikanishinda. Nikamwambia hakukosea kitu, barua haikutumwa, na Bi Augusta ni mama yangu. Nilikaa nikingoja akutukane. Nilikuwa tayari kumsaidia.

Akauliza, "Wewe ulijua lini?"

"Nilishuku tangu siku ya kwanza."

Akahesabu kwa vidole. "Siku tisa. Kwetu kuna bibi wa posta aliyekuwa mwanachama wa nyumba hiyo hiyo, dada. Angeniandikia akiwa amesimama. Ungeninong'oneza tu."

Nilitaka kumweleza kwamba mlezi haruhusiwi. Lakini maneno hayo, Mama, hata masikioni mwangu yalikuwa na sauti yako. Nimelia tangu jana na sijui nimlilie nani.

Nilimbebea sanduku mpaka stendi ya basi la kwao. Alinishukuru, ana adabu yule mtoto, halafu akapanda, akakaa dirishani upande wa pili, nisikoweza kumwona.

Wiki hii sitakuja nyumbani. Nikija nitakulaumu wewe peke yako, na nitajisikia vizuri.

Mwanao kweli kweli,
Merritt