Miche ya Mti Wetu wa Uani

Binti yangu kipenzi,

Unakula vizuri lakini? Huku kitaluni mama yako amekuwa gumzo! Tulipanda mbegu za miti kumi ya aina moja kwenye matope ya maji ya chumvi. Miche ya miti tisa imenyauka, ila ya mti wetu wa uani imesimama wima. Mtaalamu akasema, "Mama, hawa watoto wamerithi ugumu kwa mama yao."

Nikamjibu, "Kama binti yangu tu!" Wakacheka wote.

Kisha akauliza mti wenyewe unaishije. Ikabidi niseme nililokuficha: tangu mwaka juzi bahari inaingia uani kwetu. Usije mbio, mwanangu, maliza masomo. Kitanda chako nimekiinua juu ya matofali.

Mama yako, mwenye miche