Ng'ombe wa Mahari na Triga ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini Usagara saa mbili kasoro. Chai, chapati moja, kanzidata. Meneja anataka maelezo ya triga zote yaandikwe upya wiki hii. Triga ni vile vipande vya programu vinavyojiendesha vyenyewe mtu akihifadhi rekodi. Ziko kumi na nne. Nyingi niliziandika mwenyewe nilipoajiriwa na ushirika huu wa wafugaji. Nimemaliza nne. Kazi ya kuchambua mchele wenye chuya.

Jumanne, 4 Machi
Triga ya saba. Inaamka mmiliki wa ng'ombe akibadilishwa. Maelezo yake yote: "Inasasisha rekodi." Basi. Nani mvivu huyu? Nikatazama jina. Mimi.
Nimecheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Leo sikucheka. Nimeisoma mstari kwa mstari. Mmiliki akibadilika, triga inafuta historia ya chanjo na kumwingiza ng'ombe kwenye orodha ya kuchanjwa. Nilipoiandika niliwaza ng'ombe wa mnadani tu, asiyejulikana alikotoka. Mhaya mimi, nimekulia migombani.
Nikamwonyesha Daktari Ng'washi, daktari wetu wa mifugo.
"Koku, huku ng'ombe wengi wanahama boma kwa mahari. Hao ni wa humu humu, tumeshawachanja sisi wenyewe."
Keshokutwa wanachanja ugonjwa wa kutupa mimba. Chanjo hiyo huchomwa mara moja, ng'ombe akiwa bado ndama. Ukimchoma mwenye mimba, anaweza kuitupa. Na wachanjaji hawaulizi, wanafuata orodha. Kwenye orodha kuna mitamba tisa ya Mzee Masanja wa Bujora, mahari ya binti yake. Saba wana mimba changa.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Nimezima triga. Mahari ilihamishwa Januari, na nakala ya akiba ya Desemba ipo. Nimerudisha historia yote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, karani akageuka.
Mapema mno. Daktari akapiga simu Bujora kuwapa wachanjaji orodha mpya, akaambiwa wameanza leo badala ya kesho kwa sababu kesho kuna mazishi. Simu zao hazipatikani. Akachukua pikipiki, akaondoka bila kofia.
Nimekaa nikitazama simu. Sikula. Nimejichukia kwa maneno mawili niliyoyaandika kwa uvivu.
Saa tisa akapiga. Mtamba wa kwanza alikuwa tayari kwenye kibanio cha kuchanjia. Chanjo bado ilikuwa ndani ya boksi la barafu. Hakuna aliyechomwa. Nimelia mbele ya ofisi nzima na sioni haya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala kama gogo. Nimeandika maelezo upya: triga inaamka lini, inagusa nini, inafuta nini, nani aulizwe kabla ya kuibadilisha. Nikampa Daktari ayasome, maana hajui programu. Kama yeye anaelewa, yeyote ataelewa.
"Mbona hujaandika mahari?"
Nilikuwa nimeandika "uhamisho usio wa mauzo". Nimefuta. Nimeandika mahari. Na triga yenyewe sasa inauliza kwanza: amenunuliwa, amerithiwa, au ni wa mahari? Wa mahari historia yake haiguswi.
Mzee Masanja kapiga simu. Nikampa shikamoo. Nilimweleza yote, bila kuficha. Akasema marahaba mwanangu, ng'ombe wanakula, sasa nawe kale.
Nilikula ugali na sato, sahani mbili.

Jumanne, 11 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Ndama wa saba na wa mwisho wa ile mitamba ya Mzee Masanja kazaliwa, jike. Nimemsajili. Triga ya kusajili ndama ikaamka, ikafanya kile kilichoandikwa kwenye maelezo yake, ikatulia.
Chai ilikuwa bado ya moto.