Mhimili wa Leovigildo

Trinidad, Kuba
14 Machi

Yosbel mwanangu,

Nikujulie hali kwanza kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza sitamaliza. Hujambo? Kifua kimepona? Huko Montevideo mnaingia kwenye baridi, na wewe tangu utoto ukisikia ubaridi kidogo unakohoa. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisema nikisimama sana.

Mzigo umefika. Ameuleta mpwa wa Migdalia, jirani wa mkabala, na mtaa mzima ulijua nina mzigo kabla sijajua mwenyewe. Kile kishikio cha mashine ya kukereza ni kizuri mno. Nilikiweka mezani nikawa nazungusha ufunguo wake, taya zote nne zinafunga na kufunguka, mpaka kahawa ikapoa. Tangu babako Leovigildo afariki nakereza nguzo za mbao za madirishani tu, kwa sababu hizo hubanwa ncha kwa ncha. Bakuli au kinu cha kitunguu saumu hutaka kushikwa upande mmoja, nami sikuwa na cha kukishikia.

Tatizo ni ile bushi ya katikati, kile kipande cha chuma chenye nyuzi za skrubu za kuingia kwenye mhimili wa mashine. Haikubali. Inaingia mizunguko miwili, wa tatu inagoma. Nimepaka grisi, nimeibembeleza, nimeitukana. Labda wamekupa ya mashine nyingine.

Asante, mwanangu. Lakini sikukuomba kishikio. Nilikuomba uje.

Mamako,
Eneida


Montevideo
2 Mei

Mama yangu mpenzi,

Salamu hizi zikukute umekaa, si umesimama kwenye hiyo mashine. Kifua kimetulia. Baridi imeanza, ila kwa mtu anayefanya kazi kwenye ghala la nyama, nje na ndani ni mamoja.

Kuhusu bushi, dukani waliniuliza nyuzi za mhimili zikoje, nami nikawaambia yaliyoandikwa kwenye kile kibao cha shaba mbele ya mashine: inchi moja na robo, nyuzi nane kwa kila inchi. Nayajua kwa kichwa. Si baba alikuwa akikisugua kwa majivu na ndimu kila Jumapili, halafu anatuita tukione? "Huyu Mmarekani. Ana umri mkubwa kuliko bibi yenu na hajavunjika hata mfupa mmoja." Sasa muuzaji anasema huenda ni ya milimita, basi nakutumia nyingine, kubwa kidogo. Kishikio ni kilekile. Unalegeza skrubu, unatoa bushi, unatia hii.

Kuhusu kuja, makaratasi yamebakiza hatua moja. Desemba, Mungu akipenda. Najua nilisema hivyo na mwaka jana. Kusema kweli, mama, si makaratasi peke yake. Mlimzika baba mimi nikiwa huku, na kwangu ni kama bado anakereza hapo uani. Naogopa kuingia nikute kiti chake kitupu. Nakukumbuka mpaka chakula hakipiti, na bado naogopa.

Mwanao,
Yosbel


Trinidad
20 Juni

Mwanangu,

Hujambo, na kifua hakijambo? Huku joto limetulemea na umeme unakatika upendavyo wenyewe.

Bushi ya pili inacheza mhimilini kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Niliwasha mashine nione, kishikio kikatetemeka mpaka paka akahama. Ya kwanza imebana, ya pili imelegea. Ni kama wachumba wa shangazi yako Nereida, hakuna aliyefaa. Lakini ya kibao si ya kubishia. Kibao ni kibao.

Na kiti cha babako si kitupu. Usiku analala paka, mchana naweka nguo za kupiga pasi. Usiogope kiti. Mimi ndiye nilipaswa kukiogopa, na nakipangusa kila siku.

Mamako


Montevideo
3 Agosti

Mama,

Unaendeleaje na hayo magoti? Mimi sijambo, nina mafua ya kawaida tu.

Nimempata mkerezaji mmoja sokoni, anatengeneza vikombe vya kunywea ile chai ya huku iitwayo mate, mtu wa maneno makali. Nilimwambia habari za kibao, akanicheka mbele za wateja. "Kibao kinakwambia mashine ilizaliwa wapi. Kinajuaje iliishi vipi? Mhimili uulizwe mwenyewe." Anasema uzungushe karatasi juu ya nyuzi, uisugue kwa ubavu wa penseli mpaka mistari itokee, halafu uniletee karatasi hiyo. Yeye ana geji za kupimia nyuzi za kila aina.

Na amenipa onyo nikupe. Siku kishikio kitakapokubali, ukate pete nyembamba kwenye chupa ya plastiki, uiweke mhimilini nyuma yake kabla ya kukaza. Usipoiweka, chuma kitang'ang'ana na chuma, na kukitoa itakuwa balaa.

Mwanao


Trinidad
28 Septemba

Yosbel,

Natumai mafua yamekwisha. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechemka, na sababu utaisoma.

Nilikuwa nasugua hiyo karatasi, Onelio akapita. Unamkumbuka, yule fundi wa karakana ya kiwanda cha sukari. Akauliza nafanya nini, nikamweleza. Akageuka aondoke.

Nikamwambia, "Onelio, mbona umekuwa kama mtu aliyemeza mfupa?"

"Eneida, niliapa."

"Uliyemwapia yuko makaburini. Sema, kahawa iko jikoni."

Basi akasema. Mwaka nilipokwenda Cienfuegos kwa Nereida kujifungua wewe, babako alibandika gogo kubwa kupita kiasi akauvunja mhimili. Mmarekani wake akakatika vipande viwili. Akakimbilia kwa Onelio usoni hana damu, wakachukua shafti ya lori la Kirusi, wakachonga mhimili mpya, na nyuzi wakazikata kwa gia zilizokuwepo, si inchi si chochote cha dukani. Milimita thelathini na mbili na ushee. Niliporudi nimekubeba wewe, mashine inazunguka, naye ameshika majivu na ndimu anasugua kibao. Maisha yote hayo, na Jumapili aliposafiri alinituma nimsugulie.

Nilikwenda kaburini nikamwambia maneno yake. Kisha nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, kwa sababu nilitaka kumcheka yeye usoni na hayupo.

Kwa hiyo mhimili huo na wewe mna umri mmoja, na bushi yake haiuzwi popote. Onelio anasema ipo bushi tupu, yenye tundu laini lisilokatwa nyuzi. Ikipatikana, atazikata mwenyewe karakanani huku akizijaribisha mhimilini hadi ziingiane. Mpwa wa Migdalia anarudi Desemba. Mpe yeye, kama kawaida.

Mamako


Montevideo
30 Oktoba

Mama,

Hujambo? Mimi sijambo.

Bushi tupu nimeipata, na hatua ya mwisho ya makaratasi imepita. Mpwa wa Migdalia simpi. Usijibu barua hii, maana jibu halitanikuta huku.

Mwanao


Trinidad
17 Februari

Yosbel mwanangu,

Ulifika salama huko Montevideo? Kifua je? Ulisahau sweta nyuma ya mlango, na sijalifua.

Nyumba imerudi kwenye ukubwa wake wa zamani, yaani mkubwa mno. Asubuhi nilipima kahawa ya watu wawili, nikainywa yote, moyo ukanidunda mpaka saa sita. Paka amerudi kitini kwa babako, lakini anakwenda kwanza kukutafuta chumbani. Nilifurahi ulipomwondoa usiku ule ukakaa wewe, ukalia kama inavyotakiwa kulia. Kwa makusudi sikukunyamazisha.

Kinu tulichokereza pamoja kinatwanga kitunguu saumu cha mtaa wote. Migdalia anakiazima kila siku na kila siku anasema chake kilikuwa kizuri zaidi. Onelio naye anaeleza watu jinsi bushi ilivyoingia mpaka mwisho bila kukwaruza, na kila akieleza, umeme unakuwa ulikatika mara nyingi zaidi na wewe ulishika tochi muda mrefu zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Kishikio kimeng'ang'ania. Ulikikaza wewe kwa mikono yako, na tangu siku hiyo hakijafunguka. Kazi haikusimama, kwa sababu hata nguzo za madirisha nazibana humohumo kwenye taya. Onelio alikuja na spana na bomba refu la kuongezea nguvu. Nikamwambia anywe kahawa yake aende.

Utauliza pete ya plastiki ilikuwa wapi. Niliikata siku ileile niliyopata barua yako ya Agosti. Ulipokuwa unakaza, nilikuwa nimesimama nyuma yako, nayo iko mfukoni mwa aproni, nimeishika.

Njoo ukifungue.

Mamako,
Eneida