Zipu Mgongoni mwa Dubwana

Gisenyi, 3 Septemba 2023

Mwanangu Keza,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kampala, unakula na kulala vizuri. Sisi hatujambo, ila baridi ya ziwani jioni inanikamata magoti. Baba yako mdogo Kadiri anakusalimu; duka lake la vitambaa, tunalopakana ukuta mmoja, linakwenda.

Mambo ya afya na shida tuyaongee kwenye simu. Haya yetu ya sinema nayaandika, maana hapa kila mtu ana masikio, na Kadiri ni mzee wa msikiti. Flashi ya sinema uliyompa Gatete dereva wa basi ilifika. Keza, nimecheka mpaka nikajichoma sindano. Dubwana linatoka baharini, watu wanakimbia, wanapiga mayowe, halafu linageuka: zipu! Kutoka shingoni mpaka kiunoni, na upande mmoja mshono umefumuka. Mkia wameubandika kwa pini. Mimi ningeshona vizuri zaidi hata kwa gunia la viazi vya Mudende.

Unajua ninavyoangalia. Baada ya swala ya alasiri narudisha mlango nusu, naiweka ile televisheni ndogo ya marehemu baba yako chini ya meza, na mguu unakanyaga cherehani tupu ili Kadiri asikie kazi inaendelea. Jana aliniambia, "Shemeji, we uko nafanya kazi mingi." Niliona haya. Mimi, mwenyekiti wa akina mama wa msikiti, ninayewafukuza watoto kwenye vibanda vya sinema, nimejifungia kumwangalia mtu aliyevaa ngozi ya mpira. Lakini siachi. Tuma lingine, la zamani zaidi na bovu zaidi.

Mama yako

*

Kampala, 8 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Waaleikum salaam. Mimi mzima, kazi ya kutengeneza simu inanichosha macho lakini inanilisha. Magoti yanaendeleaje? Vaa soksi, usijifanye msichana.

Barua yako niliisoma nikacheka peke yangu. Nilikumbuka nilivyokuwa mdogo, nikiyaogopa madubwana ya sinema, nikijifunika kwa vipande vya kitambaa chini ya meza yako, nawe ukivifunua na kuniambia: "Ukiogopa, tafuta mshono. Kuna mtu tu humo ndani." Mpaka leo nikiwa na hofu natafuta mshono.

Jamaa wa duka la jirani, anayenakili sinema, amenipa moja ya kale kweli. Sikuambii ni mnyama gani. Niandikie umeona nini.

Mwanao Keza

*

Gisenyi, 26 Novemba 2023

Mwanangu Keza,

Asalaam aleikum, u mzima? Mimi mzima kabisa, usiwe na wasiwasi wowote. Nisamehe kuchelewa, kazi ni nyingi.

Sinema nimeiona. Nzuri sana, nimecheka sana. Dubwana la kijani, kijani kibaya kama cha rangi iliyochuja, na zipu mgongoni kama kawaida yao. Watu walipiga mayowe vizuri.

Kadiri ameagiza kanzu. Nitaimaliza Januari.

Mama yako

*

Kampala, 10 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute salama, na safari hii siulizi kwa mazoea.

Mama, ile sinema haina rangi hata moja. Ni nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Na mnyama wake ni buibui anayening'inia kwa kamba. Hana mahali pa kushonea zipu.

Nimeirudia barua yako. Mistari yako ilikuwa inanyooka kama pindo. Sasa inapanda juu na herufi zimekuwa kubwa. Unaona nini, Mama? Unakanyagaje cherehani yenye sindano kama huoni? Naogopa. Niambie.

Mwanao Keza

*

Kampala, 14 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua haijaja. Kwenye simu unasema "salama, salama" halafu unakata. Gatete anasema alikukuta mlangoni, hukumtambua mpaka alipoongea.

Sikukasirika kwa uongo wako. Nijibu tu, hata mstari mmoja, hata ukipanda mpaka juu ya karatasi.

Keza

*

Gisenyi, 11 Februari 2024

Keza,

Asalaam aleikum. Barua zako nilizisoma juani, neno kwa neno, na nilikasirika sana. Kumchunguza mama yako kama polisi wa mpakani! Hasira imepungua sasa.

Ni kweli. Tangu mwaka juzi dunia ilianza kuingia ukungu; lile dubwana la baharini bado nililiona, pua kwenye kioo, lakini sasa ni kama kuangalia kupitia kioo cha bafu. Sinema naisikiliza tu. Niliandika kijani kwa sababu madubwana mengi ni ya kijani. Nguo nazipima kwa vidole. Msichana wa jirani ananitungia uzi.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Lakini Mukagasana muuza visamaki vya sambaza alikwenda na jicho bovu, akarudi bila jicho. Nikipoteza hata huu mwanga kidogo, cherehani imekwisha, na cherehani ndiyo iliyofanya nisiwe mzigo wa mtu tangu baba yako afariki. Utanichukua Kampala uniweke kwenye kiti. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu.

Mama yako

*

Kampala, 18 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa kazini. Ninakuja na Gatete wiki ijayo.

Kiti hakuna. Cherehani ni yako, na Gisenyi ni yako. Tutafanya jicho moja kwanza. Nitakaa mlangoni kwa daktari mpaka utoke, na kabla ya kuingia utaniambia lile neno lako la chini ya meza, nami nitakurudishia.

Mwanao Keza

*

Gisenyi, 14 Aprili 2024

Mwanangu Keza,

Asalaam aleikum. Idi imepita salama, Alhamdulillahi, na wali wako ulikosekana. Jicho tulilofanya linaendelea vizuri. La pili nitakwenda mwenyewe, usisumbuke.

Nina jambo la kukuambia. Asubuhi ya Idi nilikaa uwanjani na akina mama, nikitazama watu wakipita, maana sasa natazama kila kitu kama mwizi. Akapita Kadiri. Kola ya kanzu imekaa upande, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikajiuliza fundi gani kamharibia hivi. Halafu nikautambua uzi. Ni ile kanzu niliyoimaliza mimi Januari.

Nikaanza kuangalia wengine. Gauni la Saidati, pindo linapanda na kushuka. Suruali ya Mbonigaba, mifuko haifanani. Uwanja mzima, Keza, kazi yangu iliyopinda, na wenyewe wameivaa siku ya sikukuu, wamejipaka manukato.

Nilimfuata Kadiri nikamuuliza kwa nini hakuirudisha. Akasema, "Mi niliona iko muzuri." Nikamkazia. Ndipo akainamisha kichwa: "Tulijua macho yako iko naisha, shemeji. Tungerudisha, ungeacha kushona."

Kisha akaniambia, polepole, kwamba cherehani yenye nguo na cherehani tupu hazilii sawa, na muuza vitambaa aliyekaa ukuta mmoja na fundi miaka yote hii hadanganyiki. Hakuuliza nilikuwa nafanya nini. Nadhani mayowe pia yalimfikia.

Nililia pale pale, kwa jicho bovu na jicho zima. Nimemwomba alete kanzu niifumue. Amekataa.

Jana alasiri niliiweka televisheni juu ya meza, mguu nikautuliza, nikaliangalia tena lile dubwana la baharini. Zipu iko palepale na mshono umefumuka vilevile. Lakini safari hii niliwaangalia wale wanaokimbia. Linapogeuka wote wanaiona ile zipu, Keza, iko mbele ya macho yao. Na bado wanapiga mayowe kwa moyo wote.

Mama yako